Mfuko wa pensheni wa mwajiri wa zamani unafungwa: wasomaji wanauliza

Barua zinazoingia hapa zinafanana kwa jambo moja. Msomaji alifanya kazi Uingereza, akaacha, miaka ikapita, kisha bahasha ikaja kumwambia kwamba mfuko wa pensheni wa mwajiri wake wa zamani unafungwa. Wengine wangali huko huko, wengine wamesharudi pwani. Majibu yote hapa yanafuata kanuni za Uingereza, kwa kuwa mfuko huongozwa na sheria ya nchi ulikoandikishwa, hata kama mwanachama wake anaishi Tanga au Muscat.

Nilishona nguo kiwandani Leicester kuanzia 1988 hadi 2003. Wiki iliyopita nimepata barua kwamba mfuko wetu unafungwa. Mume wangu anasema nitoe hela zangu kabla hazijapotea. Je, zinaweza kupotea kweli?
*Bibi wa wajukuu watatu, Leicester*

Bibi, usitoe wala usisaini chochote kwa sasa. Kaa na barua hiyo uisome polepole, kwa sababu neno "kufungwa" linatumika kwa mambo manne tofauti, na mawili kati ya hayo hayakuhusu hata kidogo.

La kwanza ni mfuko kufungwa kwa wafanyakazi wapya. La pili ni kufungwa kwa walioko kazini wasiendelee kuongeza miaka ya utumishi. Barua huandika "closed to future accrual". Wewe uliondoka 2003, huongezi chochote tangu siku hiyo, kwa hiyo hupungukiwi na chochote. Ulichokwisha kuchuma kinalindwa na kifungu cha 67 cha Sheria ya Pensheni ya 1995, na mwajiri hawezi kukipunguza kwa kubadilisha kanuni tu.

La tatu ni mfuko kuvunjwa baada ya ahadi zote kununuliwa na kampuni ya bima. Hapo utaona maneno "buy-in", kisha "buy-out", kisha "winding up". La nne ni mwajiri kufilisika, na dalili yake ni maneno "assessment period". Hilo tumelijibu chini.

Hofu ya mume wako ina historia. Robert Maxwell alipofariki Novemba 1991, iligundulika kuwa mamia ya mamilioni ya pauni yalikuwa yamechotwa kutoka mifuko ya pensheni ya kampuni zake, ikiwemo ya gazeti la Daily Mirror. Sheria ya 1995 ilitokana na kashfa hiyo. Leo mali ya mfuko hukaa mikononi mwa wadhamini (trustees) wanaousimamia, mbali na mali ya kampuni, na wadai wa kampuni hawawezi kuigusa.

Kwa miaka yako, tunadhani ni aina ya tatu, ndiyo inayozikumba sana siku hizi pensheni za viwanda vya zamani. Wadhamini hulipa kampuni ya bima fedha nyingi kwa mkupuo, na bima inabeba jukumu la kukulipa kila mwezi hadi mwisho wa uhai wako. Ridhaa yako haihitajiki. Kwanza bima humlipa mdhamini, naye mdhamini anakulipa wewe. Baada ya kumbukumbu kusafishwa, unapewa hati ya bima yenye jina lako na mfuko unavunjwa. Kati ya hatua hizo mbili hupita mwaka mmoja na nusu, miwili, wakati mwingine zaidi. Bima ya aina hiyo ikianguka, mfuko wa fidia wa FSCS hulipa asilimia 100 bila kikomo.

Kazi yako ni kukagua kumbukumbu, na kipindi hiki cha kusafisha ndicho cha kuifanya, maana hati ya bima ikishatoka, kusahihisha kosa kunakuwa kugumu. Utaletewa karatasi ya muhtasari wa mafao. Angalia tarehe ya kuanza kazi na ya kuacha, mshahara wa mwisho, umri wa kustaafu kwa mujibu wa mfuko, fungu la mwenzi ukifariki, na jinsi pensheni itakavyopanda kila mwaka. Angalia pia kama kiasi kilichoandikwa ni cha 2003 au cha leo. Watu wengi huona "pauni 2,400 kwa mwaka", wakakata tamaa, kumbe hicho ni kiasi cha siku waliyoacha kazi. Kwa aliyeacha 2003, sheria inataka kiasi hicho kipandishwe kwa mfumuko wa bei hadi siku ya kustaafu, kikomo kikiwa wastani wa asilimia 5 kwa mwaka.

Kuna swali moja la kuwaandikia wadhamini. Kama mfuko wenu ulijitoa katika pensheni ya ziada ya serikali, sehemu ya mafao yako ya kabla ya 6 Aprili 1997 inaitwa GMP, yaani pensheni ya chini iliyohakikishwa. Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua Oktoba 2018, katika kesi iliyohusu benki ya Lloyds, kwamba GMP iliyochumwa kati ya 17 Mei 1990 na 5 Aprili 1997 lazima isawazishwe kati ya wanawake na wanaume. Wewe ulikuwa kazini miaka hiyo yote. Uliza: "Je, GMP yangu imesawazishwa?" Nyongeza huwa ndogo mara nyingi, lakini ni haki yako.

Nina miaka 56 na nafanya kazi bado. Mfuko wa mwajiri wangu wa zamani unajiandaa kununuliwa na bima. Wamenipa kiasi cha kuhamisha: pauni 95,000. Pensheni yangu kwa hesabu ya leo ni pauni 6,000 kwa mwaka nikifika 65, na nusu yake kwa mke wangu. Jamaa mmoja tunayeswali naye anafanya biashara ya pensheni. Anasema nihamishe, nizitoe, ninunue nyumba mbili za kupangisha Kigamboni.
*Msomaji, Birmingham*

Ndugu yetu, usihamishe. Tunasema hivyo waziwazi kwa sababu maisha ya uzeeni ya watu wawili yamo ndani ya hesabu hiyo.

Gawa 95,000 kwa 6,000: hupati hata miaka 16. Mtu wa miaka 65 Uingereza, kwa wastani, huishi takriban miaka 20 zaidi. Na zile 6,000 hazikai pale pale. Zitapandishwa kutoka leo hadi utakapofika 65, kisha zitapanda kila mwaka kwa kanuni za mfuko, na ukitangulia, mke wako anaendelea kupokea nusu. Ukihamisha, ahadi hiyo inafutwa. Unabaki na akiba inayopanda na kushuka kwa soko, na hatari ya kuishi muda mrefu kuliko hela zako ni yako peke yako.

Sasa kodi. Tuseme mshahara wako ni pauni 28,000 na umezitoa zote 95,000 mwaka mmoja. Robo, yaani 23,750, haikatwi kodi. Zilizobaki, 71,250, zinajumlishwa na mshahara, na kipato chako cha mwaka kinasomeka 99,250. Hadi 50,270 unakatwa asilimia 20, hapo inakwenda pauni 4,454. Zinazozidi, 48,980, zinakatwa asilimia 40, sawa na 19,592. Jumla ni pauni 24,046 za kodi. Nyumba za Kigamboni utazinunua kwa takriban 71,000, kabla ya ada ya mshauri na hasara ya kubadilisha fedha. Na ukishachota namna hiyo, kiasi unachoweza kuweka kwenye pensheni ya akiba (ile isiyoahidi kiasi maalumu) kwa nafuu ya kodi kinashuka hadi pauni 10,000 kwa mwaka.

Kuhusu jamaa yako. Kiasi cha uhamisho kikizidi pauni 30,000, sheria inakutaka upate ushauri wa mshauri aliyesajiliwa na FCA, msimamizi wa huduma za fedha Uingereza, na mwenye kibali maalumu cha uhamisho wa pensheni za namna hii. Fungua sajili ya FCA mtandaoni, andika jina la kampuni yake na jina lake mwenyewe. Asipokuwepo, basi yeye ni dalali tu wa kupeleka watu kwa wengine, na wewe ndiye utakayemlipa hata kama hukuona akipokea. Tangu 1 Oktoba 2020 mshauri haruhusiwi, isipokuwa kwa hali chache kama maradhi mazito, kulipwa kwa sharti kwamba uhamisho ufanyike. Anayekwambia "usipohamisha hunilipi" anavunja kanuni. FCA pia inamtaka mshauri aanze na dhana kwamba uhamisho haukufai, kisha athibitishe kinyume chake kama anaweza.

Kanuni hizo zimetokana na machozi ya watu. Mwaka 2017 mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa chuma, British Steel, ulifanyiwa mageuzi, na wanachama wakatakiwa kuchagua kabla ya Desemba: waende kwenye mfuko mpya au wabaki wa zamani uingie kwenye mfuko wa ulinzi (Pension Protection Fund, unaopokea mifuko ya kampuni zilizofilisika). Katika haraka hiyo, madalali walijaa Port Talbot, mji wa kiwanda cha chuma huko Wales. Karibu watu 8,000 wakahamisha pensheni zenye thamani ya takriban pauni bilioni 2.8. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha karibu nusu ya ushauri waliopewa haukuwafaa. Fidia ikabidi iundiwe mpango wake 2023, miaka zaidi ya mitano baada ya watu kusaini.

Unaambiwa wakati unakwisha. Kiasi ulichopewa kinashikiliwa miezi mitatu, ndiyo, lakini haki yako ya kisheria ya kuomba uhamisho haikomi mpaka mwaka mmoja kabla ya umri wa kustaafu wa mfuko. Wewe una miaka minane.

Je, kuna anayefaa kuhamisha? Wapo. Mgonjwa ambaye madaktari wamesema umri wake uliobaki ni mfupi sana, au mtu asiye na mke wala wategemezi ambaye tayari ana pensheni nyingine ya uhakika ya kumtosha. Hao nao wapite kwa mshauri mwenye kibali. Wewe anza na MoneyHelper, huduma ya bure ya serikali. Aliyetimiza miaka 50 na mwenye pensheni ya akiba pia hupewa kikao cha Pension Wise bila malipo.

Kampuni niliyoifanyia kazi imefilisika. Barua inasema mfuko unaingia "assessment period". Nina 61, mfuko unastaafisha kwa 65. Nijaze fomu gani?
*Msomaji, Newcastle*

Hakuna fomu ya kuomba. Mfuko wenu unachunguzwa ili uingie Pension Protection Fund, ulioanza kazi Aprili 2005. Wasomaji wa Tanzania wasiuchanganye na PPF ile iliyounganishwa 2018 kuunda PSSSF.

Uchunguzi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili hivi. Katika muda huo milango ya uhamisho imefungwa. Walioshafikia umri wa kustaafu wa mfuko siku kampuni ilipofilisika hulipwa asilimia 100. Walio chini yake, kama wewe, hupata asilimia 90 wakistaafu. Kikomo cha juu kilichokuwa kikiwaumiza wenye mafao makubwa kiliondolewa na mahakama, kwa hiyo asilimia 90 ni asilimia 90.

Kinachouma zaidi ni nyongeza za kila mwaka. Utumishi wa kuanzia 6 Aprili 1997 hupandishwa kwa mfumuko wa bei, mwisho asilimia 2.5. Kwa ule wa kabla ya hapo, mfuko huu umekuwa haupandishi kitu tangu uanzishwe. Angalia basi miaka yako mingi iko upande gani wa tarehe hiyo.

Unaweza kustaafu mapema kuanzia miaka 55, ila kiasi kinapunguzwa kwa kila mwaka unaowahi. Kama huna dhiki, subiri. Na kama mfuko wako wa zamani zaidi ulivunjwa bila fedha za kutosha kati ya 1 Januari 1997 na 5 Aprili 2005, uliza kuhusu Financial Assistance Scheme, mpango wa serikali kwa watu wa miaka hiyo hasa.

Mfuko unavunjwa. Pensheni yangu ni ndogo, pauni 600 kwa mwaka. Wananipa pauni 12,000 kwa mkupuo tumalizane. Nina 49 tu, mshahara wangu 25,000. Ni halali?
*Msomaji, Coventry*

Ni halali. Mfuko unapovunjwa, sheria inaruhusu kumalizana kwa mkupuo usiozidi pauni 18,000 kwa mfuko mmoja, hata kwa aliye chini ya miaka 55. Ni moja ya milango michache inayofunguka kabla ya umri huo.

Robo, pauni 3,000, haina kodi. Zile 9,000 zinakatwa asilimia 20, yaani 1,800. Mkononi unapata 10,200. Ukikatwa zaidi ya stahili, dai kwa fomu ya P53 bila kusubiri mwaka wa kodi uishe.

Hapa hatuna neno zito la kukuzuia. Elfu kumi na mbili kwa mia sita ni miaka 20 ya pensheni, nayo ingeanza baadaye sana. Kama una deni la kadi linalokula riba kila mwezi, na una pensheni nyingine kazini ulipo sasa, kupokea kuna maana. Jambo la kuangalia ni ruzuku. Anayepokea Universal Credit huanza kupunguziwa akiba ikizidi pauni 6,000, na hukatiwa kabisa ikizidi 16,000. Jumlisha na kilichopo benki kabla hujasaini.

Shikamooni. Nilifanya kazi kiwanda cha mikate Leeds toka 1979 hadi 1994, nikarudi nyumbani Tanga. Nina pasipoti ya Uingereza. Mpwa wangu amenitumia picha ya barua iliyofika kwenye nyumba niliyokuwa nakaa: mfuko unavunjwa. Nina miaka 71, sijawahi kulipwa kitu. Mke wangu tulifunga nikahi nyumbani Leeds mwaka 1991, hatukwenda serikalini.
*Mzee, Tanga*

Marahaba, Mzee wetu. Hapa kuna mambo mawili ya haraka na mengine ya utaratibu.

La haraka la kwanza ni kujulikana kwamba upo. Wadhamini wanaovunja mfuko hutoa tangazo katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, wakiwapa wenye madai muda usiopungua miezi miwili. Muda ukipita wanaruhusiwa kugawa mali kwa wale wanaowafahamu. Bima nyingi huchukua kinga ya wanachama waliopotea, kwa hiyo aliyechelewa si lazima akose, lakini atahangaika. Andika leo kwa anwani iliyo kwenye barua, kwa posta na kwa baruapepe. Taja majina yako yote, tarehe ya kuzaliwa, namba ya Bima ya Taifa, miaka uliyofanya kazi na idara uliyokuwa. Kama barua ingekuwa imepotea, ungeanzia Pension Tracing Service, huduma ya bure ya serikali ya Uingereza inayokupa anwani ya mfuko ukitaja jina la mwajiri.

Majina ndiyo yanayokwamisha watu wetu wengi. Kiwandani waliandika majina mawili, pasipoti ina matatu, kitambulisho cha taifa kimegeuza mpangilio. Mwone wakili wa hapo Tanga aandae kiapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, na athibitishe nakala za pasipoti na cheti cha kuzaliwa kwa muhuri na sahihi. Nakala isiyothibitishwa hurudishwa, na kila kurudishwa kunakula wiki kadhaa.

La haraka la pili ni mkeo. Nikahi iliyofungwa nyumbani Uingereza bila kusajiliwa haina nguvu ya ndoa mbele ya sheria ya huko; Mahakama ya Rufani ilisema hivyo Februari 2020. Mbele ya Mwenyezi Mungu ni mkeo, lakini karani wa pensheni ataomba cheti. Mna njia mbili, na tunashauri mzifuate zote. Fungeni na kusajili ndoa Tanzania mpate cheti, kisha muulize wadhamini kwa maandishi kama kanuni za mfuko zinamtambua mke aliyeolewa kisheria baada ya mwanachama kuacha kazi. Baadhi ya mifuko inakataa. Pamoja na hilo, waandikieni kwamba mmeishi pamoja tangu 1991 na anakutegemea, mkiambatanisha ushahidi: watoto, hati za nyumba, akaunti.

Kwa nini sasa? Kwa sababu wadhamini wengi wana mamlaka ya kumpa mjane mafao kwa hiari yao hata kama cheti hakipo. Kampuni ya bima haina huruma ya namna hiyo. Hulipa kilichoandikwa kwenye hati tu. Mfuko ukivunjwa, mlango wa hiari unafungwa nao. Ombeni mkeo aandikwe kabla hati haijatolewa.

Kuhusu malimbikizo: kama umri wa kustaafu wa mfuko ulikuwa 65, umekosa miaka sita. Mfuko ama unakulipa malimbikizo, ama unapandisha kiasi cha mwezi kwa sababu umechelewa kuanza. Waombe hesabu zote mbili kwa maandishi ndipo uchague. Wakikujibu vibaya, lalamika kwanza ndani ya mfuko wenyewe. Usiporidhika, nenda kwa Pensions Ombudsman, mwamuzi wa malalamiko ya pensheni, bure, kwa kawaida ndani ya miaka mitatu tangu ulipojua tatizo.

Ukianza kulipwa, utaletewa kila mara cheti cha kuthibitisha uko hai. Kisipojibiwa malipo husimamishwa, kwa hiyo anwani yako iwe sanduku la posta unalolifungua mwenyewe. Kodi haitakusumbua: kwa kuwa una uraia wa Uingereza, unabaki na kiwango kisichotozwa kodi, pauni 12,570 kwa mwaka, hata ukiishi Tanga. Uingereza ina mkataba wa kuzuia kodi mara mbili na Kenya na Uganda. Na Tanzania hakuna, kwa hiyo tunza barua za malipo iwapo utaulizwa upande wa huku.

Tunaongeza jambo ambalo warejeao nyumbani hawaambiwi mapema. Pensheni ya serikali ya Uingereza haipandishwi kila mwaka kwa anayeishi Tanzania au Kenya. Inaganda pale ilipoanzia. Ya kazini hupanda kwa kanuni za mfuko popote ulipo. Hiyo ndiyo sababu sisi huona pensheni ya kiwandani, ingawa ndogo, ina thamani ya pekee kwa mtu wa pwani.

Niko Nairobi, nina 38. Nilipokuwa Milton Keynes nilikuwa na pensheni ya akiba, nimechagua fungu la Kiislamu. Sasa mwajiri anafunga mfuko wake na kutupeleka kwenye mfuko mkubwa wa pamoja. Naweza kuzichukua zote nizilete Kenya?
*Dada msomaji, Nairobi*

Kuzichukua taslimu, hapana. Umri wa chini ni 55, na kuanzia 6 Aprili 2028 ni 57. Yeyote anayekuahidi njia ya mkato anakupeleka kwenye adhabu ya kodi inayofika asilimia 55. Kuzihamisha nje inawezekana tu kwa mfuko unaotambuliwa na HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, na mara nyingi kuna tozo ya asilimia 25 isipokuwa unaishi nchi ile ile ulipo mfuko unaopokea. Kwa akiba ya mtu wa miaka 38, iache Uingereza.

Kwa upande wako, dada, kufungwa huku hakukutishi, ila kuna mitego mitatu katika uhamisho wa pamoja. Fungu ulilochagua litabadilishwa kwa lile linalofanana nalo kwenye mfuko mpya. Kama hakuna linalofanana, unapelekwa kwenye fungu la kawaida lenye hati fungani za riba, bila kuulizwa. Andika sasa uulize jina la fungu la Kiislamu huko uendako. Mifuko mingi mikubwa inalo, ikiwemo Nest. Kumbuka pia kwamba mafungu haya hutegemea hisa kwa sehemu kubwa, hivyo yanayumba zaidi soko likiyumba. Kwa umri wako hilo linavumilika.

Mtego wa pili ni haki za zamani. Baadhi ya mifuko ilikuwa na umri wa chini uliolindwa, au mkupuo usio na kodi unaozidi robo. Ukihama peke yako kabla ya uhamisho wa pamoja, haki hizo hupotea mara nyingi. Ukihama na wenzako, huweza kubaki. Uliza kabla ya kutangulia.

Wa tatu ni fomu ya kumtaja atakayepokea ukifariki. Haihami na fedha. Ukipata namba ya uanachama mpya, ingia kwenye akaunti siku hiyo hiyo, jaza jina la mtu, uhusiano, na asilimia zinazotimia 100. Serikali imepanga kuingiza akiba ya pensheni isiyotumika kwenye kodi ya mirathi kuanzia 6 Aprili 2027, kwa hiyo kama una mume, uliza pia kiasi gani kinakwenda kwake bila kodi hiyo. Kisha badilisha baruapepe: kama ulikuwa umeandika ile ya kazini, ilifungwa siku ulipoondoka, na barua zote za uhamisho huu zinakwenda huko.